Bei ya bandeji, bei ya kupona

Ami yangu alivuka Likoni kila asubuhi kwa miezi mitatu kwenda kusafishwa kidonda. Sukari ilikuwa imemtoboa unyayo chini ya kidole gumba, tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na ajabu ni kwamba halikumuuma. Ganzi ya sukari huondoa hisia. Basi alishuka mteremko wa kivuko akikanyaga vilevile kama wenzake, akapanda ule wa pili, akangoja foleni, sista akatoa gozi ya jana, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, na kuweka mpya. Jioni gozi ilikuwa imelowa.

Gharama za vidonda vya namna hii zinabishaniwa sana. Wenye kushika fedha, hospitalini na nyumbani, husema gozi na maji ya chumvi yanatosha: ni rahisi, yako kila mahali, na mtu wa nyumbani anaweza kufundishwa kufunga. Wengine wanadai bandeji za kisasa, za sponji au aljineti inayotokana na mwani, ambazo hufyonza majimaji na kuachwa siku kadhaa bila kufunguliwa. Wana hoja. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililohifadhiwa unyevu lilifunikwa na ngozi takriban mara mbili haraka kuliko lililoachwa likauke. Na gozi iliyokauka, aliyewahi kubanduliwa anajua, huondoka na nyama mpya.

Lakini ughali wenyewe si dawa. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha bandeji zenye madini ya fedha na za kawaida kwa vidonda vya miguu vya mishipa ya veni. Za fedha hazikuponya zaidi, ila zilizidisha bili. Nikisikia mtu wa duka la dawa akiisifu bandeji kwa bei yake, hukumbuka hilo.

Kosa la pande zote mbili, naona, ni kuhesabu bandeji moja moja. Tuchukue mfano wa kubuni: gozi na maji ya chumvi shilingi 150, matatu na tuktuk 200. Kwa wiki ya kwenda kila siku ni 2,450. Bandeji ya shilingi 600 inayobadilishwa mara mbili kwa wiki, na nauli zake, ni 1,600, na bado hujahesabu siku za kazi za kijana anayemsindikiza mzee. Hata Uingereza, ambako bili ya vidonda hufikia mabilioni ya pauni kwa mwaka, sehemu kubwa huenda kwa muda wa wauguzi, madaktari na vitanda, si kwa bandeji.

Hesabu hiyo hugeuka kidonda kikiwa karibu na zahanati. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za msingi za ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, zimepangiwa mfuko wake, asilipe aliyejisajili. Mtu wa Mtongwe akifungwa kidonda Mtongwe, gozi inaweza kushinda. Na bandeji ya kunata, kwa jasho la Mombasa la Machi, hubanduka kabla ya siku zake.

Kwa mguu wa sukari, hata hivyo, bandeji ni jambo la pili. La kwanza ni mguu usikanyagiwe, baada ya kuhakikisha damu inafika na usaha umetibiwa. Ami alitembea juu ya kidonda ili akatibiwe kidonda! Miezi mitatu hakuna aliyekipima. Kipimo chenyewe ni rula tu: eneo lisipopungua nusu ndani ya wiki 4, tiba iangaliwe upya, usingoje kidole kioze.

Mwishowe daktari mmoja alikipima, akamfunga plasta ngumu ya kuondolea kidonda uzito, hadi chini ya goti, ya kubadilishwa kila wiki. Bei yake ilitushtua, mpaka tulipoondoa nauli za siku sita. Ami hakuuliza bei. Aliuliza udhu atautiaje, akajibiwa msikitini kwamba atapangusa juu, ni jabira, kifungo cha jeraha kisichofunguliwa kwa udhu. Akaagiza mkongojo.