Belo la mitumba na chaguo la raundi ya kwanza

Saa kumi na moja kasoro za alfajiri, Toronto bado giza na baridi inakata masikio, jamaa yangu mmoja wa Mombasa hunipitia na gari lake twende kazini, na kabla hata sijafunga mkanda keshaanza. "Bwana we, yule beki mliyemtolea chaguo la kwanza, waonaje?" Ni mambo ya hoki ya barafu, na yeye ni shabiki wa Boston. Hajawahi kuishi Boston, hana hata binamu Boston, aliichagua Boston mwaka wa kwanza alipofika hapa ili tu awaudhi watu wa Toronto, na anafanikiwa. Mimi ni shabiki wa Toronto Maple Leafs, manake ndo timu ya mji ninaolipa kodi, timu ambayo mara ya mwisho kubeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa hoki, ilikuwa 1967. Sasa fikiria mtu kama huyo ndo ana gari na wewe huna.

Kwa wale ambao hoki ya barafu hamjaizoea, ngoja niwaeleze haraka haraka. Kwenye NHL, ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, hakuna mambo ya usajili kama ya Ulaya, eti timu inaleta begi la pauni milioni 80 inaondoka na mshambuliaji. Kule ni mali kwa mali. Unatoa mchezaji unapewa mchezaji, au unatoa chaguo lako la drafti (siyo ile drafti ya vizibo vya soda pale kwa kinyozi), yaani haki ya kuchagua kijana wa miaka 18 kwenye mgao wa kila mwaka. Timu ni 32, raundi 7, chaguo 224. Zilizofanya vibaya zinachagua mwanzo, na pale juu kabisa kuna bahati nasibu ili watu wasifungwe makusudi. Na unaruhusiwa kuuza chaguo la mwaka ujao, hata la mwaka wa baada yake, kabla hujajua litakuwa namba ngapi. Hapo kwenye hilo la mwisho ndo kuna ugomvi wote.

Mimi nimekulia Nairobi, na mamangu mdogo alikuwa na kibanda Gikomba cha mashati ya mtumba. Asubuhi ya kufungua belo ilikuwa sherehe. Belo limefungwa kwa kamba za plastiki, limebanwa kama tofali, umelipa hela yote na hujaona hata kifungo kimoja. Wanawake wengine wanazunguka, kisu kinapita kwenye kamba, tap, nguo zinafumuka, na ndani ya dakika kumi unajua kama mwezi huu kuna ada ya shule au hakuna. Zile nzuri, za kamera, zinatolewa kwanza zinatundikwa juu. Zile za mwisho, za fagia, zinamwagwa chini kwenye turubai. Na belo lisilofunguliwa ndo tamu kuliko yote. Kabla ya kisu kupita kila shati ndani yake ni la kamera.

Chaguo la drafti ni hilo hilo belo. Mashabiki tunalisifu likiwa bado na kamba. Ukisikia mtu anasema "tumewapa raundi ya kwanza kwa beki wa miaka 28, tumeibiwa", uliza, raundi ya kwanza namba ngapi? Manake la kwanza na la thelathini na mbili yote ni raundi ya kwanza na ni kama ardhi na mbingu. La kwanza 2015 lilikuwa Connor McDavid, nyota mkubwa wa hoki. Ukishuka kwenye ishirini na kitu huko unaweza kupata mtu wa kukuchezea miaka kumi au ukapata kijana ambaye mama yake tu ndo anamkumbuka. Thamani inaporomoka kama ngazi pale mwanzoni, halafu mbele inakuwa tambarare, kati ya chaguo la 60 na la 90 mi sioni tofauti ya kugombaniana.

Na mtu wa Detroit lazima atatokea. "Datsyuk tulimchukua wa 171! Zetterberg wa 210!" Sawa, 1998 na 1999, kweli kabisa, na wote wakawa mabingwa. Lakini hebu fikiria kidogo. Kama Detroit wangejua Datsyuk ni Datsyuk, wangemwacha hadi namba 171? Wao wenyewe walimpita raundi baada ya raundi, pamoja na wengine wote. Ile ilikuwa shati la kamera lililolala kwenye fagia, na huwezi kumwambia mamangu mdogo awe ananunua fagia kwa sababu siku moja mtu alipata koti la ngozi mle.

Basi turudi kwa jirani yangu wa kwenye gari, kwa sababu silaha yake kubwa ni Kessel.

Septemba 2009 Toronto waliwapa Boston chaguo la kwanza la 2010, la pili la 2010, na la kwanza la 2011, wakapewa Phil Kessel, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ametoka kufunga magoli 36. Msimu ule Toronto wakamaliza nafasi ya 29 kati ya timu 30 za wakati ule. Ya 29! Kwa hiyo chaguo walilouza wakidhani ni la katikati likawa la pili, Boston wakamchukua Tyler Seguin, na Juni 2011 Boston wakabeba kombe Seguin akiwa na miaka 19. Chaguo la mwaka uliofuata likawa la tisa, Dougie Hamilton. Kessel akirudi kucheza Boston uwanja mzima ulikuwa unamwimbia "Thank you, Kessel". Jamaa yangu bado anaiimba, kwa lafudhi ya Majengo, saa kumi na moja asubuhi, barabara ina barafu.

Kwa miaka nilikuwa najibu vibaya. Nilikuwa nasema Kessel alifunga sana, na ni kweli alifunga sana, misimu 6 hapa, na alipoondoka akabeba makombe mawili na Pittsburgh, 2016 na 2017, na la tatu na Vegas 2023. Lakini hilo halimsaidii mtu wa Toronto hata kidogo, ni kama kusema yule mchumba niliyeachana naye ameolewa vizuri.

Jibu zuri nililipata kwa kufuata uzi mpaka mwisho, na naomba mniazime sikio hapa kwa sababu hakuna mtu anayefuata uzi mpaka mwisho. Seguin, Boston wakamwuza Dallas Julai 2013. Hamilton wakamwuza Calgary Juni 2015, na malipo yakawa chaguo tatu, moja likiwa la 15 la mwaka ule ule. Siku ile ya drafti Boston walikuwa na la 13, la 14 na la 15, matatu mfululizo. Mabelo matatu mezani na kisu mkononi! Wakamchukua Jakub Zboril, Jake DeBrusk, na Zach Senyshyn. DeBrusk amekuwa mchezaji, sikatai. Lakini sikiliza waliofuata, la 16, la 17, la 18: Mathew Barzal, Kyle Connor, Thomas Chabot. Watatu mfululizo, nyota wote, wamekaa pale pale mlangoni. Kwa hiyo ule utajiri wa Kessel ukiufuata kupitia Hamilton unaishia kwa Senyshyn, ambaye mechi zake za NHL unaweza kuzihesabu huku chai ikipoa.

Na bado, lile la 16 lililomleta Barzal lilikuwa la Edmonton. Walikuwa wamelitoa kwa New York Islanders, pamoja na la 33, wakapewa Griffin Reinhart, beki ambaye mwenyewe alikuwa chaguo la nne 2012. Yaani walibadilisha belo lililofungwa kwa belo lililofunguliwa ambalo tayari mwenye macho aliona ni fagia, na sababu iliyobaki ya kumpenda ni ile namba nne iliyoandikwa kwenye gunia. Hii namba ya drafti inamganda mtu kama jina la utani la shule, kijana ana miaka 25 hajafanya lolote na bado watu wanasema ooh huyu alikuwa wa tatu.

Sasa jamaa yangu akisikia hadithi ya Senyshyn ananyamaza kuanzia taa za barabara ya Kipling mpaka tunafika. Lakini nikiwa mkweli (na hapa ndo naharibu hoja yangu mwenyewe), hadithi ile haiisafishi Toronto. Boston kufungua belo vibaya 2015 hakufanyi mauzo ya 2009 kuwa mazuri. Kosa la 2009 lilikuwa mahali pengine, na naona mashabiki wengi hawalitaji. Kosa siyo Kessel, na wala siyo kwamba chaguo ni kitu kitakatifu kisichouzwa. Toronto hawakujijua. Ukiuza chaguo lako la mwaka ujao unauza utabiri wako kuhusu wewe mwenyewe, na wao walijitabiria kuwa timu ya kati wakati walikuwa karibu na mkia.

Tena siyo mara ya kwanza. 1989 Toronto hao hao waliwapa New Jersey chaguo lao la kwanza la 1991 wakapewa Tom Kurvers, beki wa kawaida tu. Likawa chaguo la tatu, Scott Niedermayer, ambaye ameingia kwenye Ukumbi wa Magwiji wa hoki na makombe manne. Ottawa nao Novemba 2017 wakamtaka Matt Duchene, wakatoa chaguo la kwanza kwa Colorado kwa sababu miezi michache nyuma walikuwa wamefika nusu fainali wakajiona wamefika mjini. Timu ikabomoka. Mkataba uliwaruhusu kubaki na la 2018, wakabaki nalo, likawa la nne, Brady Tkachuk, hapo Mungu aliwaonea huruma. La 2019 likaenda Colorado, nalo la nne, Bowen Byram, na 2022 Colorado wakabeba kombe Byram yumo.

Halafu waangalie Tampa Bay. Februari 2020 wametoa chaguo za raundi ya kwanza kwa Blake Coleman na Barclay Goodrow, watu wa kazi ngumu wala siyo nyota, na watu wakacheka, raundi ya kwanza kwa mchezaji wa mstari wa tatu? Kombe 2020, kombe 2021. Walicheka kwa sababu waliangalia neno "kwanza" badala ya kuangalia kwamba timu kama Tampa chaguo lake lenyewe, lile la Goodrow, litakuwa mkiani mwa raundi, karibu na thelathini. Tampa walijijua. Sema na wao baadaye wakanogewa, 2023 wakatoa Cal Foote na chaguo tano, likiwemo la kwanza la 2025, kwa Tanner Jeannot, na mwaka uliofuata wakamwachia Los Angeles. Ndivyo inavyokuwa, ukishinda mara mbili sokoni unaanza kudhani una jicho.

Kwa hiyo msimamo wangu, wa Mombasa auchukue au auache: timu nzuri iuze chaguo zake, bila kulia, manake kombe halisubiri kijana wa miaka 18 aote ndevu. Timu mbaya isiuze kabisa. Na timu isiyojua kama ni nzuri au mbaya, hiyo ndo iweke kinga, kwamba likiangukia tano bora au kumi bora linabaki kwangu. Kinga ni ya mtu anayekubali kwamba anaweza kuwa anajidanganya.

Najua wapo watakaosema usiache mbachao kwa msala upitao, mchezaji unayemwona ni bora kuliko wa kufikirika. Sawa, lakini mbachao ukiwa umetoboka?

Ndo maana safari hii sikulia kama wengine. Machi 2025 Toronto walimchukua Brandon Carlo, huyo beki anayeniharibia asubuhi zangu, wakatoa kijana Fraser Minten, chaguo la raundi ya nne, na chaguo la kwanza la 2026. Na wameuza kwa nani? Kwa Boston. Tena Boston! Ila safari hii lina kinga ya tano bora, angalau kuna mtu pale ofisini anakumbuka 2009. Mei tukafungwa na Florida mechi ya saba, nyumbani, 6-1, halafu Mitch Marner akaenda zake Vegas, na kinga ya tano bora ikaanza kuonekana fupi kama blanketi la mtoto.

Jana tukiwa kwenye foleni ya chai jamaa akaniuliza, "Na likiwa la sita je?" Nikakaa kimya. Akarudia, taratibu, anakoroga sukari. Likiwa la sita je.

Yeye kamari hachezi, kwa hiyo tumewekeana biriani. Likiangukia kati ya la sita na la kumi, mimi napika, kwa nyumba yake nzima, na wako wengi. Nikamwambia na Boston wakimchagua Senyshyn mwingine, biriani unapika wewe. Akasema hilo mpaka tulijue itapita miaka mitano. Nikamwambia haina shida, andika kwenye simu na tarehe uweke. Akaandika.