Nilimlipa mwanangu asome, akaacha kusoma

Mwanangu alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Akiwa darasa la pili alisoma kila kilichomkalia mbele: maandishi ya nyuma ya daladala, maelezo ya dawa ya mbu, hata kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, mafuta yakiwa yameshakula nusu ya habari. Alitusumbua kweli. Nami, nikidhani nauchochea moto, nikamwahidi shilingi 500 kwa kila kitabu atakachomaliza.

Wiki ya kwanza alimaliza vitano. Nikatamba kwa mama yake. Wiki ya pili nikaona anachagua vile vyembamba, picha kubwa na mstari mmoja kila ukurasa, vitabu alivyokwisha kuvisoma akavichoka. Siku moja akaniletea kijitabu cha maelekezo ya pasi. "Baba, na hiki kinahesabiwa?" Ilipofika tarehe ishirini na kitu, mfuko umekauka, nikamwambia tusimame kidogo mpaka mshahara utoke. Akafunga kitabu palepale alipofikia, akachukua mpira.

"Basi nitakimalizia ukipata hela."

Sikuwa na la kumjibu. Biashara ilikuwa yangu, nami ndiye niliyemfundisha bei.

Kosa langu, kumbe, lina umri mkubwa kuniliko. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliahidiwa kwamba wakichora watapata cheti kizuri chenye utepe. Kundi la pili walichora tu, kisha wakashtukizwa na cheti kilekile. La tatu hawakuahidiwa wala kupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikarudishwa mezani wakati wa kucheza, habari ya vyeti haitajwi. Walioahidiwa walizichezea kwa takriban asilimia 9 ya muda wao. Wasiopewa kitu asilimia 17, walioshtukizwa 18.

Tazama hapo. Cheti ni kilekile, kalamu zilezile. Kilichoharibu mambo ni ile ahadi ya awali. Mtoto akishika kalamu kwa sababu ya cheti, siku cheti hakipo kalamu nayo inakosa maana. Mwanasaikolojia mwingine, Edward Deci, alikwisha kuona jambo la namna hiyo mwaka 1971 kwa wanafunzi wa chuo: aliwalipa dola moja kwa kila fumbo walilolifumbua, na malipo yalipokoma, hamu ya kuyachezea mafumbo kwenye dakika zao za mapumziko ikashuka.

Kiswahili chetu cha ofisini, bila kukusudia, kimetutega. Tukisema "wafanyakazi wapewe motisha", kila mmoja kwenye kikao anaelewa kuwa ni hela. Motisha imekuwa kitu cha kwenye bahasha. Ile nyingine, inayomfanya fundi arudi kupiga msasa pembe ya kabati ambayo mteja hataiona, haina fungu kwenye bajeti.

Lakini hapa nishike breki, maana najua nani atazipenda habari hizi: mwajiri. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo malipo ya muda wa ziada yaliondolewa, tukapewa fremu ukutani yenye picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Tukaambiwa kazi ni moyo. Walimu na wauguzi wanaujua wimbo huu kuliko mimi: kazi yenu ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba. Mtu anayefundisha hesabu huku kichwani anapiga hesabu ya ada ya mwanawe, msongo wake haupungui kwa kusifiwa, na hamu aliyoanza nayo kazi huliwa na mawazo kabla hata hujamwahidi bahasha.

Tena utafiti wenyewe hauko upande wa mwajiri huyo. Mwaka 1999 Deci na wenzake wawili walikusanya majaribio 128 na kuyapima kwa pamoja. Malipo yanayoonekana, yaliyoahidiwa mapema, yalipunguza hamu ya kazi ambayo mtu alikuwa akiipenda. Kwa kazi ya kuchosha hayakuharibu kitu, maana hamu yenyewe haikuwapo. Kwa hiyo mwanangu wa pili akiosha masufuria ya Jumapili namlipa bila dhambi yoyote. Na mshahara ni haki ya mtu. Chambo ni kitu kingine, hata kama noti ni zilezile.

Yule wa vitabu amerudi kusoma kidogo kidogo, baada ya miezi karibu mitano ya mpira mtupu. Sijamuuliza anasoma nini. Juzi bibi yake kapiga simu kutoka Muheza, anataka kujua mjukuu akishika namba moja muhula huu amtumie shilingi ngapi.

"Mama, shikamoo. Hela kaa nazo. Tuma machungwa, ila usimwambie kwamba yanakuja."

"Na asiposhika namba moja?"

"Tuma vilevile."

Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza kama naumwa.