Mita ya Tukuza haisemi yote: kinachopandisha na kushusha matumizi ya nishati Zanzibar

Kila zikitajwa habari za Zanzibar kutumia umeme mwingi zaidi, hukumu huwa ishatolewa: tunafuja. Viyoyozi vimezidi, mahoteli yamezidi, watu hawazimi taa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ila yanaitazama mita peke yake. Suala lenyewe ni uwiano: nishati kiasi gani, ya kila aina, imetumika ili nchi ipate pato la shilingi elfu moja. Uwiano huo unaweza kushuka hali ya kuwa Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakwenda mbio, na kwa nchi kama yetu, ambako nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado zinapikia kuni au makaa, mahali pa kuanzia kutafuta sababu ni jikoni.

Tuchukue chakula kinachohitaji megajuli 5 za joto linaloingia sufuriani. Mafiga matatu hupeleka sufuriani kiasi cha asilimia 12 tu ya joto la kuni. Lililobaki huchukuliwa na upepo na moshi. Kwa hiyo zitaungua megajuli 42, yaani kuni kavu karibu kilo 2.8. Jiko la gesi hupeleka asilimia 55 hivi, na chakula kilekile kikaiva kwa megajuli 9, ambazo ni gramu 200 za gesi. Hapo hapajaongezeka ustadi wa mpishi, wala serikali haikuhimiza mtu kubana matumizi. Kilichobadilika ni kitu kinachoungua.

Makaa yana hesabu yake, nayo hupotosha wengi. Seredani, yaani jiko la makaa, ni bora kuliko mafiga, tuseme asilimia 20, hivyo kilo moja kasoro ya makaa inatosha. Lakini tanuri la udongo hula kilo 7 za kuni kutoa kilo moja ya makaa, na mara nyingi zaidi ya hapo kuni zikiwa mbichi au tanuri likipasuka na kuingiza hewa. Ukirudi mpaka kwenye mti, chakula chetu kimeshakula kilo 6 za kuni, megajuli 90 na ushei. Ndiyo maana mji unaokua huweza kupandisha uwiano kwanza, pale watu wanapohama kuni kwenda makaa, kisha ukaushusha wanapofika kwenye gesi na umeme. Anayeiona ile hatua ya kwanza tu atasema maendeleo yanatufilisi.

Sasa tazama daftari linavyoandikwa. Ukihesabu nishati ya kununuliwa kwa bili na risiti peke yake, nyumba ya mafiga imetumia sifuri, na ikihamia gesi inaonekana imepanda kutoka sifuri hadi 9. Ukihesabu na kuni, nyumba ileile imeshuka kutoka 42 hadi 9. Sufuria ni moja na wali ni mmoja, lakini hukumu mbili zinazopingana. Lawama nyingi dhidi ya matumizi yetu zinatoka kwenye daftari la kwanza.

Wanaosisitiza ubanaji hawakosei, hasa mahotelini. Hewa ya chumvi ya Nungwi au Paje hula mapezi ya alumini ya kiyoyozi, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto nje. Yakishaoza, joto halitoki, na kompresa hufanya kazi muda mrefu kwa ubaridi uleule. Kuyaosha kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, kuziba upenyo wa madirisha na kutoshusha chumba chini ya nyuzi 24 ni kazi rahisi zenye faida ya kweli. Maji pia: kuchuja chumvi katika maji ya bahari kwa mtambo mzuri huchukua yuniti (kilowati-saa) 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita moja ya ujazo, na mitambo midogo isiyorejesha nguvu ya mgandamizo huzidi hapo sana. Lakini hata hoteli inayofuja huingiza pato kubwa kwa kila yuniti, na kukua kwa utalii kunaweza kushusha uwiano wa nchi nzima bila hata taa moja kubadilishwa. Hiyo ni sura ya uchumi kubadilika, haifai kuhesabiwa kuwa ufanisi.

Karafuu nazo hufanya hivyohivyo. Hazizai sawasawa kila mwaka, na hukaushwa juani juu ya majamvi. Mwaka wa mavuno makubwa pato la Pemba hupanda na nishati haipandi kiasi hicho. Mwaka unaofuata, mikarafuu ikipumzika, uwiano huruka juu. Kulinganisha miaka miwili tu ni kupima mvua na maua.

Umeme unapokatika, uwiano huumia pande zote mbili. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara ukiwa umeharibika, Unguja ilikaa miezi mitatu kwa majenereta. Jenereta dogo hunywa dizeli lita 0.3 hadi 0.4 kwa yuniti moja, karibu megajuli 12 kupata 3.6, na likiendeshwa kwa mzigo mdogo ni vibaya zaidi. Wakati huohuo samaki wanaoza, viwanda vimefungwa, pato linapungua. Waya wa megawati 100 ulioongezwa 2013 kati ya Ras Kiromoni, Bara, na Fumba, Unguja, unastahili kuhesabiwa katika juhudi za ufanisi, ingawa ulikuja kwa jina la kuongeza umeme.

Anayetaka kuhukumu kwa haki aziingize kuni katika hesabu, achukue wastani wa miaka mitano ili karafuu zisimdanganye, na autenge utalii peke yake. Kuni zipimwe kwa mizani pamoja na unyevu wake: kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi, na kilo ya kuni zilizokatwa jana wakati wa masika haifiki 9. Mizigo ikihesabiwa kwa idadi tu, makosa ya hapo yatakuwa makubwa kuliko viyoyozi vyote vinavyolaumiwa.