Utabiri si ramli: FitzRoy na swali la mzee wa Mpunguzi

Mwishoni mwa Oktoba nilikuwa shambani, upande wa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Redio ya mzee jirani yetu ilikuwa inamalizia taarifa ya mwelekeo wa mvua za msimu: tutarajie mvua za wastani hadi chini ya wastani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake ndoo mbili, moja ya mbegu za mahindi, moja ya uwele. Shamba lake lilishaberegwa, majani yamekwanguliwa na kuchomwa, udongo unasubiri tu. Akaizima redio, akanigeukia.

"Mjukuu wangu, sasa inanyesha au hainyeshi?"

"Babu, wanasema huenda ikapungua."

"Huenda!" Akacheka mpaka akakohoa. "Huenda hata mimi ninayo."

Kicheko hicho si kigeni katika kazi hii ya kutabiri hali ya hewa. Kilimkuta hata aliyeianzisha. Robert FitzRoy, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyezaliwa 1805, wengi wanamjua kwa upande tu, kama nahodha wa meli ya Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani kati ya 1831 na 1836. Baadaye akawa gavana wa New Zealand, kazi iliyomshinda, akarudishwa kwao. Hayo tuyaache. Linalonihusu mimi ni ofisi ndogo aliyokabidhiwa London mwaka 1854, chini ya Bodi ya Biashara. Aliwekwa pale akusanye takwimu za upepo na bahari kutoka kwa manahodha, basi. Hakuna aliyemtuma atabiri chochote.

Usiku wa 25 kuamkia 26 Oktoba 1859, meli ya Royal Charter, iliyotoka Melbourne na abiria pamoja na dhahabu ya wachimbaji, ilivunjikia kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey, huko Wales, ikiwa imekaribia kabisa kufika Liverpool. Walikufa watu zaidi ya 400. FitzRoy alipokaa na karatasi zake aliona kwamba dhoruba ile haikuzuka palepale. Ilikuwa na njia, ilipiga huku kabla ya kule, na telegrafu ilikuwa na mbio kuliko upepo. Hoja yake nzima ndiyo hiyo. Vituo vya pwani vikituma vipimo vya mgandamizo wa hewa, joto na upepo kila asubuhi, bandari ambayo haijafikiwa inaweza kuambiwa mapema. Februari 1861 maonyo yakaanza. Bandari iliyopokea telegramu ilipandisha mlingotini alama nyeusi za umbo la pia (koni) na la ngoma: ncha ya pia ikitazama juu, upepo mkali unakuja na kaskazini, ikitazama chini, unakuja na kusini. Mvuvi asiyejua kusoma alielewa. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma, mistari michache tu, upepo wa wastani na hali nzuri kwa siku mbili zijazo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na sehemu ya ugomvi ilikuwa ya neno. FitzRoy alikataa katakata kuitwa nabii. Alichagua makusudi neno jingine la Kiingereza, forecast, akaeleza kwamba anachotoa ni maoni yaliyotoka kwenye vipimo na hesabu. Sisi hatuna hata nafasi hiyo. Kiswahili kina utabiri mmoja, wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na wa mnajimu. Aliyekua enzi za marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu maarufu, alisikia neno lilelile likitumika kwa nyota na kwa mawingu. Mamlaka yenyewe, ikizungumzia msimu mzima, hutumia "mwelekeo", na nadhani si bure. Lakini ukishafika kwenye daladala ni utabiri tu, na mtabiri ama kapatia ama kakosa. "Huenda" si maneno yake.

Kwa Ugogo, nchi hii ya Dodoma, uzito huo wa utabiri una mizizi. Zamani mtemi ndiye aliyebeba dhamana ya mvua, na ikikawia macho yote yalikuwa kwake. Nchi iliyopita kwenye njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, haiwezi kulichukulia jambo hili kama mazungumzo ya kupoteza muda. Leo macho yamehamia kwenye redio.

Tuwasikilize basi waliompinga FitzRoy, maana hawakuwa wajinga. Wa kwanza ni wenye mashua za uvuvi. Alama ikipanda, wavuvi hukataa kutoka. Dhoruba isipokuja, siku imekwenda bila samaki. Hasara ya tajiri ilionekana palepale, lakini waliookoka hawakuhesabika kwa sababu hawakufa. Kundi hili silionei huruma sana. Mwenye mashua alikuwa analala nyumbani.

Wa pili ni wanasayansi, na hawa wananipa kazi. Walisema FitzRoy anatangulia elimu yake. Kanuni alizotumia hazikuwa zimeandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine angezichukua, akapiga hesabu, akafika jibu lilelile. Nyingi zilikaa kichwani mwake, zilizotokana na miaka ya kusimama sitahani akitazama mawingu na baromita. Huo ni ujuzi, hakuna ubishi, lakini hata mganga anao ujuzi wa aina hiyo. Kama mtu mwingine hawezi kuupima, umma utatofautishaje kipimo na ramli? Magazeti nayo hayakumbakiza. The Times lililokuwa likichapa utabiri wake lilifika mahali pa kuujengea umbali.

FitzRoy alijiua 30 Aprili 1865. Alikuwa amechoka, anaumwa, na mali yake ilikuwa imekwisha kwa kutumia fedha zake mwenyewe katika kazi za umma. Wako wanaosema kejeli za utabiri ndizo zilizomuua. Mimi naona hiyo ni hadithi iliyonyooshwa mno, mtu huyo alibeba mengi. Kilichofuata ndicho kinachofundisha. Kamati iliyoongozwa na mwanasayansi Francis Galton ilichunguza ofisi yake, ikaamua utabiri hauna msingi wa kisayansi wa kutosha, na kabla mwaka 1866 haujaisha hata maonyo ya dhoruba yakasimamishwa. Watu wa pwani wakapiga kelele. Haukupita muda mrefu maonyo yakarudishwa. Utabiri wa kila siku kwa umma ulisubiri hadi 1879.

Galton mwenyewe alichapisha ramani ya hali ya hewa katika The Times tarehe 1 Aprili 1875, nayo ilionyesha hali ya hewa ya jana yake. Sijui kama kuna picha bora ya tofauti ya watu hawa wawili. Mmoja anakuambia jana ilikuwaje, na hakosei. Mwingine anakuambia kesho, na mara nyingine anaaibika.

Kwa bahari mimi nipo na FitzRoy. Hesabu yake ni rahisi: onyo la uongo linagharimu siku moja, onyo lisilotolewa linagharimu roho. Tumeona wenyewe Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipotajwa kuelekea pwani yetu kikanyong'onyea kabla ya kufika. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Mei 2024 kikaja Hidaya, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama. Ningependa kuishi katika nchi inayocheka baada ya Jobo kuliko inayozika kwa kukosa kuambiwa.

Ila Dodoma haina bahari, na hapa hesabu ya FitzRoy inaanza kuyumba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600. Mkulima hapotezi siku akiamini vibaya, anapoteza mwaka. Akisikia "chini ya wastani", akaacha mahindi akasia uwele na mtama, kama viongozi wanavyohimiza kila msimu, kisha mvua ikaja nzuri, atakuwa amekosa mahindi yenye soko na amejiongezea kazi ya kuamia ndege, maana kweleakwelea wanapenda mtama kuliko sisi. Akipuuza na mvua ikakata Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, amekwisha. Makosa yote mawili ni ghali. Na wastani wenyewe unaficha mambo: mvua ya msimu inaweza kufikia wastani kwa dhoruba tatu za kusomba udongo, katikati yake wiki tatu za jua. Pale pale jirani yuko mwenye shamba la zabibu, anayeomba mvua isimkute wakati zinaiva, zisioze. Taarifa ileile moja, huyu anaona habari mbaya, yule anapumua.

Kwa hiyo wanaosema wakulima waachwe na dalili zao, maua ya miti na upepo wa Oktoba, wana hoja kwa kiasi fulani: dalili hizo angalau wanajua wenyewe ni lini ziliwadanganya. Ninachokataa ni hitimisho lao la kunyamaza. Kunyamaza alikuchagua Galton, na watu wa pwani walimkatalia. Hoja yake iliyobaki na nguvu ni ile ya utabiri kupimika, yaani kuweka daftari: sema, lakini onyesha ulisema nini mwaka jana na ikawaje, hapa, kwenye kata hii. Mamlaka hutoa taarifa ya hali ya klima ya nchi kila mwaka, kazi nzuri, ila asilimia za nchi nzima hazimwambii mtu wa Mpunguzi kitu. FitzRoy alikopesha vijiji vya wavuvi maskini baromita, wakazitundika mahali pa wazi kila mtu azitazame mwenyewe. Kipima mvua kwenye ofisi ya kijiji, na ubao pembeni wenye safu mbili, walichosema na kilichonyesha, havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Siku ile mzee hakuishia kwenye kucheka. Aliinuka, akaibeba ndoo ya uwele, akasimama.

"Na mwaka jana walisemaje?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Mkewe naye, aliyekuwa anachambua mlenda mlangoni, akatikisa kichwa. Mvua yenyewe mzee aliikumbuka yote: siku ilipoanza, shimo la maji lilipojaa, na siku ya Februari ilipokata.