Cointreau ikiisha, usimimine tu chochote cha machungwa

Ndimu umeshakata, barafu iko tayari, halafu unagundua chupa ya Cointreau imebaki harufu. Ukiuliza, hukosi wa kukwambia uweke triple sec yoyote, maana zote ni pombe za machungwa. Nami niliwahi kuamini hivyo, na nilikunywa margarita nyingi zilizopooza kabla sijaanza kusoma lebo.

Anza na asilimia ya kileo. Margarita ya vipimo vya IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ina mililita 50 za tekila, 20 za triple sec na 15 za maji ya ndimu. Cointreau, ambayo nayo ni aina ya triple sec, ina asilimia 40, kwa hiyo hizo mililita 20 zinaingiza kileo mililita 8. Ziko triple sec za bei ya chini zenye asilimia 15 tu. Kipimo kilekile, kileo mililita 3. Glasi imejaa sawasawa, lakini kinywaji kimelegea, na utamu unatangulia mbele ya kila kitu. Wala lile neno "sec" lisikuhadae: ni Kifaransa, maana yake kavu, lakini chupa nyingi zenye jina hilo ni tamu kama shira.

Grand Marnier, pombe nyingine ya machungwa, nayo ina asilimia 40, kwa hiyo haikupunguzii nguvu. Shida yake ni nyingine. Zaidi kidogo ya nusu yake ni brandi ya Cognac, na brandi hiyo imelala kwenye mapipa ya mwaloni, kwa hiyo inakuja na ladha ya mti. Ukiichanganya na tekila iliyokaa kwenye pipa, zinaelewana vizuri. Mimi huipenda hivyo kuliko ile margarita ya kawaida. Ukiiweka na tekila nyeupe, ile ladha ya majanimajani uliyoilipia inafunikwa. Kwenye Sidecar, kokteli ambayo tayari ina brandi, haigombani na mtu, ila kinywaji kinakuwa kizito, na mimi huongeza limau kidogo. Kwenye White Lady, kokteli yenye pombe ya jini na limau, siitii kabisa. Kinywaji kile raha yake ni wepesi.

Curaçao ya bluu? Ni pombe ya machungwa iliyotiwa rangi, basi. Kiladha inaweza kushika nafasi ya triple sec yenye nguvu sawa, lakini itie kwenye Sidecar uone: bluu juu ya kahawia, unapata maji ya dimbwi. Mgeni ataonja kwa adabu.

Kama umebakiwa na ile ya asilimia 15 peke yake, hesabu ni nyepesi. Umepoteza mililita 5 za kileo, na mililita 12 hivi za tekila zinazirudisha. Ndimu ionje kwanza, usiongeze kwa mazoea, kwa sababu chupa hizi hazilingani kwa sukari. Kinachobaki ni harufu ya chungwa, ambayo tekila haiwezi kuirudisha. Hiyo naitafuta kwenye chungwa lenyewe: nakata ukanda wa ganda usio na nyama nyeupe, naukamua juu ya glasi mpaka mafuta yaruke, kisha nautumbukiza humohumo.