Yesu alilia. Wewe unamkataza mfiwa kwa lipi?

"Msilie jamani, mkilia mnaonyesha hamna imani." Sentensi hii ikitoka kwenye kipaza sauti, jeneza likiwa hatua mbili mbele ya mjane, huwa natamani umeme ukatike.

Msemaji akibanwa atakimbilia 1 Wathesalonike 4:13. Haya, tuufungue. Paulo anawaandikia watu waliofiwa, wenye hofu kwamba ndugu zao waliotangulia watakosa kuja kwake Bwana. Anawaambia wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Aya nzima inaning'inia kwenye hilo "kama". Ukilinyofoa unabaki na marufuku ya kulia ambayo Paulo hakuiandika popote. Isitoshe, aya ya 18 anawaagiza wafarijiane. Asiye na huzuni anafarijiwa nini?

Au mtazame Stefano. Kama kuna marehemu ambaye waombolezaji wake hawakuwa na shaka alikokwenda, ni yule aliyesema, muda mfupi kabla ya kuuawa, kwamba anaziona mbingu zimefunguka. Lakini Matendo 8:2 inasema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makubwa. Watauwa! Na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hawakemei hata kwa neno moja.

Halafu Yohana 11, sura inayosomwa karibu kila msiba na kuruka sehemu zake ngumu. Tangu aya ya 11 Yesu ameshasema anakwenda kumwamsha Lazaro, kwa hiyo anajua mwisho wa habari. Anafika siku nne zimepita. Aya ya 33 inasema aliugua rohoni, na kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kina hasira ndani yake. Aya ya 35 analia. Aya ya 39 Martha anamkumbusha, bila kupaka sukari, kwamba maiti inanuka. Hakuna aliyeambiwa imani yake ni haba kwa sababu ya machozi, na aliyekuwa karibu kumtoa mtu kaburini alilia kwanza.

Najua mtaniletea mjane wa Naini. Ndiyo, Luka 7:13, Yesu alimwambia "Usilie", kisha akagusa jeneza na kumrudishia mwanawe akiwa hai. Mhubiri anayeweza kumalizia hivyo, ruksa aseme "usilie" anavyotaka.

Lile la "kazi ya Mungu haina makosa" linanitatiza zaidi, kwa sababu lina heshima zake na wengi wamelishikilia kwa nia njema. Mfiwa akilisema mwenyewe, mwache, ni lake. Ayubu naye alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, lakini alilisema yeye, joho limeraruliwa na kichwa kimenyolewa. Hakuambiwa na mgeni aliyekuja kula na kuondoka. Tena sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, ila sura ya 3 haisomwi msibani. Paulo katika 1 Wakorintho 15:26 anaiita mauti adui, adui wa mwisho. Ukimfundisha mfiwa kwamba mauti ni rafiki aliyetumwa kumchukua mtoto wake, hiyo Pasaka utamwelezea vipi? Kristo alimshinda nani, rafiki?

Na tafadhali, marehemu hajawa malaika. Malaika ni viumbe wengine kabisa.

Tumaini lenyewe limepunguzwa hadi likawa "roho imepaa, mwili ni ganda tu". Ni kweli Paulo anasema kwenda kukaa na Kristo ni vizuri zaidi sana, Wafilipi 1:23, sibishi. Lakini hakuishia hapo. Imani ya Mitume tunayoikariri inataja ufufuo wa mwili, na kaburi la Yesu lilikutwa tupu. Mwili haukuachwa humo kama ganda. Luka 24 inaonyesha mfufuka anaonyesha mikono na miguu, anasema ashikwe, anakula samaki wa kuokwa mbele yao. Paulo katika 1 Wakorintho 15:20 anamwita limbuko, yaani mganda wa kwanza wa shamba lile lile: ukiuona, unajua mavuno yaliyobaki ni ya namna gani. Hata "mwili wa roho" wa aya ya 44 ya sura hiyo hiyo ya Paulo bado ni mwili.

Sasa wewe uliyepewa mahubiri. Nenda kwa wafiwa siku moja kabla, kaa, uliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na usijibu swali la "kwa nini" hata wakikuuliza. Rafiki za Ayubu walikaa kimya siku 7 wakafanya vyema. Waliharibu walipoanza kueleza. Chagua andiko moja. Dakika 12 zinatosha, waliokaa mbele hawajalala usiku kucha. Taja jina la marehemu, na useme "amekufa" walau mara moja, maana ufufuo ni wa waliokufa. Usimpeleke mbinguni wala motoni, hukupewa kiti cha hukumu. Mwito wa toba, ukilazimika, uwe mfupi na usimtumie marehemu kama mfano wa kutishia watu.

Kaburini wengi wanakosea kwa kuhubiri upya, udongo ukisubiri. Soma 1 Wakorintho 15:42 hadi 44 tu, polepole. Mara nne Paulo anasema "hupandwa", na kila mara "hufufuliwa" inafuata. Sauti ya mama ikipasuka katikati ya kusoma, usipandishe ya kwako ili kumfunika. Nyamaza, msubiri, halafu endelea pale ulipoishia.