Opera ya Saa Tatu Usiku

Saa saba mchana wa Jumamosi, majira ya baridi huko New York, ni saa tatu usiku hapa Tanga. Ndiyo saa ambayo, kuanzia Desemba na kuendelea, huwa ninazima televisheni, ninaunganisha simu na spika ndogo iliyo juu ya kabati la vyombo, na kuketi kusikiliza opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ikiimbwa wakati huohuo katika ukumbi wa Metropolitan Opera. Wanaonitakia mema wameniuliza mara nyingi kwa nini nisiingoje video, yenye picha na tafsiri ya maneno chini yake. Naamini, na nimeamini hivyo kwa miaka, kwamba opera ya redioni iliyo mubashara si ya kushikia nafasi ya kitu kingine kilichokosekana. Ni namna kamili ya kuipokea kazi hiyo, na ziko opera ambazo sehemu zake bora kabisa huwafikia wasioliona jukwaa sawa na wanaoliona.

Matangazo haya yana umri mkubwa. Mnamo Januari 1910 mvumbuzi Lee de Forest alijaribu kurusha hewani sauti ya mwimbaji Enrico Caruso kutoka katika ukumbi wa zamani wa Metropolitan, wakati ambapo waliokuwa na chombo cha kuinasia walikuwa wachache mno. Matangazo ya kudumu yalianza siku ya Krismasi ya mwaka 1931, kwa opera ya Humperdinck iitwayo Hänsel und Gretel, na mtangazaji alikuwa Milton Cross, ambaye aliishika kazi hiyo hadi alipofariki mwanzoni mwa mwaka 1975. Yeyote aliyekulia katika nyumba ambamo mpira ulisikilizwa redioni anaijua thamani ya mtu wa namna hiyo. Kabla ya pazia kufunguliwa, mtangazaji humweleza msikilizaji kisa kilivyo, jukwaa limepambwaje na nani amevaa nini; muziki ukianza hunyamaza, na kuanzia hapo macho ni ya msikilizaji mwenyewe.

Nasisitiza neno mubashara kwa sababu najua kwamba si kila opera inayosikika redioni iko hivyo. Nyingine hurekodiwa mapema na kurushwa baadaye, na usafi wa sauti haupungui hata kidogo. Kinachopungua ni hofu. Waimbaji wa opera hawashiki vipaza sauti: mtu mmoja husimama mbele ya okestra nzima na kuufikia ukumbi wenye viti vinavyokaribia 3,800 kwa pumzi yake tu, na maikrofoni zilizotegwa jukwaani ni kwa ajili yetu sisi tulio mbali. Lolote likimpata linatupata sote kwa pamoja. Tarehe 6 Desemba 1941, Lotte Lehmann aliugua, naye ndiye aliyetarajiwa kuimba nafasi ya Sieglinde katika Die Walküre ya Wagner mchana huo. Aliyeingia badala yake alikuwa Astrid Varnay, binti wa miaka 23 ambaye hakuwahi kuimba katika jukwaa hilo, na redio zilikuwa tayari zimewashwa kote nchini. Rekodi ya mchana huo ipo hadi leo, na ni nzuri sana. Hata hivyo mimi nimeisikiliza nikijua tayari kwamba Varnay alishinda. Waliokuwa majumbani siku ile hawakujua, na kutojua kwao ndiko ninakokutafuta kila Jumamosi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Aida ya Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi aliye mateka nchini Misri, naye anampenda Radamès, jemadari wa jeshi linalopigana na watu wake. Dakika chache tu baada ya opera kuanza, kabla sauti haijapata moto, mwimbaji wa Radamès, ambaye wanakwaya wetu wangesema anaimba sauti ya tatu, anatakiwa kuimba wimbo mgumu unaoishia kwenye noti ya juu ambayo Verdi aliandika iimbwe kwa sauti ndogo sana, ikififia. Wengi huiimba kwa nguvu, kwa kuwa nguvu ndiyo njia ya salama. Nikiwa sebuleni huwa najikuta nimezuia pumzi, nikingoja nijue huyu wa leo ataithubutu au ataikwepa, na jambo hilo haliwezi kunipata nikisikiliza rekodi ninayoijua.

Usiku mmoja mama alipita sebuleni wakati Aida, akiwa peke yake kando ya mto Nile, anaimba kuhusu nchi yake.

“Mwanangu, huyo mbona analia?”

“Anakumbuka kwao, mama. Anasema hataiona tena nchi yake.”

Mama alivuta kiti akaketi, hakusema neno mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akauliza kama huko kwao ni mbali. Nilimwambia kwao ni Uhabeshi, naye yuko Misri. Alibaki nami hadi mapumziko.

Kisha huja hukumu ya Radamès, anayeshitakiwa kwa usaliti, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Makuhani huteremka chini ya ardhi kumhukumu, na Amneris, binti wa mfalme wa Misri ambaye ndiye aliyemtia mikononi mwao na bado anampenda, hubaki juu peke yake. Kutoka chini sauti zao huita jina la Radamès mara tatu, kila mara wakimsomea shitaka na kumtaka ajitetee, na kila mara hujibiwa kwa ukimya. Kesi yenyewe haionekani na mtu. Aliyelipia kiti cha mbele kabisa, aliyesimama nyuma ya ukumbi na mimi niliye Tanga tumewekwa na Verdi mahali pamoja na Amneris, nje ya mlango, tukisikia mtu akihukumiwa bila ya kumwona. Nimeitazama sehemu hiyo kwenye video pia, kamera ikiusogelea uso wa mwimbaji, machozi yakionekana wazi, na nilijikuta nikiutazama uso badala ya kuusikiliza ule ukimya ambao Radamès anajibu nao.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaoiacha opera iimbe huku wakipiga pasi au wakijibu jumbe za simu. Ukimya wa aina ile haumfikii mtu aliye na shughuli nyingine. Bando likikatika katikati, kama lilivyowahi kunikatikia, sehemu hiyo imekwenda na hairudi, na huwa naona uchungu wa kweli.

Mwisho wa Aida huja karibu na saa sita na nusu za usiku, mtaa ukiwa umelala. Radamès amefukiwa akiwa hai, Aida amejificha kaburini ili afe naye, na juu yao Amneris anaomba amani huku vayolini zikipungua hadi zinakaribia kutosikika. Mara ya mwisho nilipoisikiliza, mtu mmoja ukumbini alipiga makofi kabla vayolini hazijamaliza, na wengine wakamfuata. Nilinyanyua mkono kumzuia, kana kwamba ameketi kiti cha pili kutoka changu.